Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masomo ya Lugha za Kigeni Mtandaoni, 2024

Ndugu wanachama, wazazi na walimu,

Salamu kwenu nyote mliotoka Kisauni, Changamwe, Mtwapa na Likoni, na kwa wale waliodamka mapema kutoka Kwale. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, kwa hiyo mimi sitazigusa ila pale nitakapoomba jambo lenye gharama.

Naanza na nililoliona kwa macho yangu mwezi wa Februari, kwa sababu ndilo lililougeuza mwaka wetu. Nilikuwa nyumbani kwa mwanachama mmoja huko Likoni, ambaye binti yake yuko Gredi ya Saba na anasoma Kifaransa kwetu. Saa moja na nusu usiku binti aliiegemeza simu ya mamake kwenye mkebe wa sukari, akavuta kiti, akaingia darasani. Mimi nikakaa nyuma yake, mahali ambapo kamera hainifikii. Mwalimu alikuwa amejitayarisha, maandishi yake yalisomeka na sauti yake ilikuwa safi. Wanafunzi walikuwa 22. Mwalimu akauliza, "Comment tu t'appelles?", yaani jina lako nani. Binti akajibu kwa sauti, sentensi nzima. Umri ulipoulizwa, akajibu. Yalipoulizwa makazi, akajibu: "J'habite à Mombasa." Mara zote tatu alipatia, na mara zote tatu maikrofoni yake ilikuwa imefungwa. Tuliomsikia ni mimi na mama yake aliyekuwa akikaanga samaki. Kipindi kilipokwisha nilimuuliza kama mwalimu amewahi kuisikia sauti yake tangu muhula uanze. Akanijibu, "Bado."

Hakuwa akilalamika. Kwake yeye, darasa la mtandaoni ndivyo lilivyo, unajibu peke yako.

Nilivuka feri kurudi kisiwani nikipiga hesabu. Huduma ya bure ya Zoom, ambayo ndiyo tunayoitumia, hukata kikao cha kikundi kikifika dakika 40. Ukiwagawia watoto 22 dakika hizo, kila mmoja hapati hata dakika mbili, na hapo ni iwapo mwalimu atanyamaza kipindi kizima. Mwalimu anayefundisha huchukua nusu ya muda, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Mtoto anabakiwa na chini ya dakika moja. Somo la historia linaweza kuvumilia hali hiyo kwa kiasi fulani, maana anayesikiliza vizuri hutoka na kitu. Lugha haivumilii. Mtoto asiyefungua kinywa hajasoma lugha, amesikia habari zake tu.

Kamati ilikutana kabla ya Ramadhani, tukabishana jioni nzima, na mwisho tukaamua kwamba hakuna darasa letu la moja kwa moja litakalozidi watoto sita. Kwa kuwa walimu ni wale wale na saa zao ni zile zile, kila mtoto ilibidi apunguziwe vipindi vya moja kwa moja kutoka vitatu kwa wiki hadi kimoja. Siku zilizobaki anapokea kazi fupi kwa WhatsApp na kuijibu kwa ujumbe wa sauti. Nakiri kwamba uamuzi huo ulituumiza. Baadhi ya wazazi waliona wamenyang'anywa haki yao, wakawatoa watoto, na wengine hawajarudi hadi leo. Mzazi mmoja aliniambia waziwazi kwamba analipia kuona mtoto amekaa mbele ya skrini saa nzima, asizurure. Ninamwelewa. Lakini chama hiki hakikuanzishwa kuwalinda watoto wasizurure. Kilianzishwa mwaka 2020, baada ya shule zote nchini kufungwa mwezi wa Machi, ili watoto waliokwisha kuanza lugha ya kigeni wasiipoteze.

Kuna sababu nyingine ambayo haitegemei maoni yangu. Mtihani wa Kifaransa wa DELF una alama 100, 25 kwa kila stadi: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ili mtahiniwa apite anahitaji 50, na katika kila stadi asipate chini ya 5. Mtoto anaweza kung'ara kwenye karatasi tatu na bado akafeli mtihani mzima kwa sababu aliingia chumba cha mtahini akanyamaza. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, pia wanaochukua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu husubiriwa na sehemu ya kuzungumza. Tukimlea mtoto kimyakimya miaka minne kisha tukampeleka mbele ya mtahini, tumemtendea vibaya.

Mwezi wa Mei ulitujaribu. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili ukasogezwa kwa sababu ya mafuriko, shule zikafunguliwa Jumatatu tarehe 13 Mei. Jumapili yake, tarehe 12, nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nyaya hizo hutua hapa hapa Mombasa, lakini kuishi karibu na mlango wake hakukutusaidia chochote. Video ziligoma. Mwalimu anaonekana amefumba jicho moja, mdomo wazi, na hasogei. Walimu wetu waliacha kung'ang'ana na video wakageukia ujumbe wa sauti wa sekunde 30, ambao hata ukichelewa hufika, na pale uliposhindwa walipiga simu ya kawaida. Mwalimu wa Kifaransa alimpigia kila mtoto dakika tano. Alitueleza baadaye kwamba katika wiki ile alizijua sauti za wanafunzi wake kuliko alivyozijua mwaka mzima uliotangulia. Ndipo alipogundua kwamba karibu wote walikuwa wakitamka "tu" na "tout" sawasawa, kwa sababu Kiswahili kina u moja tu. Darasa lilipotulia aliwaambia waseme i, washikilie ulimi palepale, kisha wakaze midomo kama wanaopuliza mshumaa. Niliwasikia watoto sita wakifanya hivyo mmoja baada ya mwingine, na wa nne aliipata. Mwalimu alipiga makofi. Katika darasa la watoto 22 kosa hilo lingeendelea kujificha ndani ya sauti za wengi.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye ufundishaji, kwa sababu walimu wetu wamefanya kazi ambayo wengi hamkuiona. Wamegundua kwamba mtoto wa Pwani haingii kwenye lugha ya kigeni mikono mitupu. Mwalimu wa Kijerumani alipofika kwenye der Tisch, die Tür na das Buch, watoto waliguna: mbona meza ni ya kiume na mlango ni wa kike? Akawauliza wao, mbona tunasema meza imevunjika lakini kitabu kimechanika? Nani aliwaambia? Wakacheka, na tangu siku hiyo hawajabishana na ngeli za Kijerumani. Wanazikariri pamoja na neno lenyewe, kama walivyojifunza zao wakiwa wadogo.

Kwenye Kiarabu hali ni tofauti tena. Wengi wa watoto hao wanatoka chuoni, yaani madrasa, wanasoma herufi vizuri na tajwidi yao, yaani matamshi ya kusomea Kurani, inapendeza, lakini ukimwambia aombe maji kwa Kiarabu anakutazama. Wamezoea kukisoma bila kukisema. Mwalimu aliamua kuanza na wanayoyajua bila wao kujua kwamba wanayajua: sita, saba, tisa, dakika, wakati, habari. Kisha akawaonyesha mahali njia zinapoachana, kwamba kwetu kitabu huzaa vitabu na kwa Waarabu huzaa kutub. Mtoto mmoja wa Kisauni alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe sisi tuliwapokea wageni tukawavika kanga zetu." Niliiandika sentensi hiyo siku ile ile. Tumepanga vipindi vya Kiarabu visigongane na saa za chuo, na wakati wa Ramadhani tulivihamishia Jumamosi asubuhi ili tarawehe isiwe sababu ya mtoto kukosa somo.

Kuhusu Kichina, bado tuna mwalimu mmoja na darasa moja. Sitaki kuahidi zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba watoto wawili kutoka Kwale wanaosema Kidigo nyumbani, na Kidigo ni lugha ya toni, yaani sauti ikipanda au kushuka maana huweza kubadilika, walizishika toni nne za Kichina haraka kuliko wenzao wa mjini. Huenda ni bahati. Hata hivyo nimefurahi kuona lugha ya nyumbani ikimpa mtoto heshima darasani. Ombi la kuongeza Kiitaliano lililoletwa na wazazi wenye jamaa Malindi tumelijadili. Kiitaliano kinasikika sana kule na kina kazi, lakini hakimo kwenye KCSE, na hatujampata mtu aliyefunzwa kuwafundisha watoto. Kamati inapendekeza tusubiri.

Kosa letu kubwa la ratiba lilitokea Novemba. Mwalimu mwenzetu wa Kijerumani anayejitolea kutoka Hamburg aliweka kipindi cha Jumamosi kwa saa za kule. Ujerumani hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwaka huu ikiwa tarehe 27, nasi huku saa zetu hazibadiliki. Jumamosi tarehe 2 Novemba watoto waliingia saa nne asubuhi kama kawaida na kusubiri hadi saa tano. Wengine bando liliisha kabla mwalimu hajatokea. Tumewarudishia wazazi gharama za bando hilo, na ratiba yote sasa inafuata saa ya Mombasa. Jambo hilo lilizaa somo zuri. Mwalimu aliwauliza halb vier ni saa ngapi. Mtoto akafikiri: vier ni nne, yaani saa kumi kwetu, na nusu, basi saa kumi na nusu. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu ya kuielekea nne, kwa hiyo ni saa tisa na nusu. Mtoto anayeweza kuvuka madaraja mawili kichwani kwa swali moja anastahili sifa hata akikosea mara ya kwanza.

Sasa jambo la uchungu. Kabla ya sisi kuliona, wanachama kadhaa walishawishiwa na kampuni moja ya masomo ya mtandaoni kulipa ada ya mwaka mzima mara moja. Walimu walibadilishwa kila wiki, mtoto akianza upya salamu zile zile, na wazazi walipodai pesa zao waliambiwa wasome masharti. Nami nilikuwa mmoja wao. Nawaomba wanachama: msilipe zaidi ya muhula mmoja popote, na kabla ya kulipa ombeni kukaa ndani ya kipindi kimoja na kuhesabu mara ambazo kila mtoto anazungumza. Anayewakatalia ombi hilo ameshawajibu.

Usalama wa watoto nao umetufanya tuwe wakali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake. Mwezi wa Julai mtu mzima mmoja wa chama alisambaza kwenye makundi mengine video ya mtoto akikosea Kifaransa, kwa nia ya kuchekesha. Video iliondolewa, familia iliombwa radhi, na mhusika hayumo tena kwenye makundi ya madarasa. Mtoto huyo alinyamaza wiki tatu kabla ya kukubali kutuma sauti yake tena. Kuanzia sasa hakuna kurekodi bila idhini iliyoandikwa, hakuna mwalimu anayekutana na mtoto peke yake mtandaoni bila mtu mzima wa nyumbani kuwa karibu, na simu za mtu binafsi kwa mtoto hupitia namba ya mzazi.

Mwisho ni ombi lenye gharama nililolitaja. Mwanachama wa Mtwapa amejitolea chumba siku za Jumamosi. Kina stima, feni na intaneti ya waya. Tunahitaji meza mbili, kompyuta tatu zilizotumika na vya kuvaa masikioni vyenye maikrofoni, kwa ajili ya watoto ambao simu ya nyumbani ni moja na baba anaondoka nayo kazini. Kamati inapendekeza pesa zilizotengwa kwa sherehe ya mwisho wa mwaka zielekezwe huko. Azimio la pili ni kuandika kwenye katiba yetu kiwango cha watoto sita kwa darasa, ili kamati ijayo isiweze kukibadilisha bila kurudi kwenu. Yote mawili yatapigiwa kura baada ya swala ya alasiri. Wenye nafasi ya kusimamia chumba cha Mtwapa, hata Jumamosi moja kwa mwezi, daftari liko kwa katibu pale mlangoni.