Shukrani kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo

Kaka, sikukuuliza jina, na kesho yake nilipopita meza yako haikuwepo, ndiyo maana naandika hapa. Mimi ni yule mtengeneza programu aliyekujia jioni na kibodi ndogo ya vitufe 48, safu nne za vitufe 12 kila moja. Ilikuwa ya kwanza kuuza, mteja alishatanguliza pesa, na safu ya tatu nzima ilikuwa kimya. Siku mbili nilikuwa natafuta kosa kwenye programu yangu!

Wewe uliigeuza tu chini ya taa, ukanionyesha: diodi 12 za safu ile, aina ya 1N4148, mistari yao myeusi yote ikitazama kinyume. Umeme hupita kwenye diodi kuelekea upande mmoja tu, kwa hiyo kitufe kilibonyezwa na habari haikufika. Ulizing'oa moja moja ukazilehemu upya bila kuunguza hata njia moja ya shaba. Kazi safi kuliko yangu. Pesa ukakataa.

Kibodi imeshafika kwa mteja, inaandika herufi zote. Sasa najenga ya pili, na kila diodi naipima kwanza kwa mita ya fundi umeme, kama ulivyonielekeza. Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.