Mashanta nayo tuyaone gazetini

Mhariri,

Kila mkitoa picha za reli ya zamani lazima iwe lile Garratt la klasi 59, lile dubwana la injini ya mvuke lenye jina la mlima, Mount Gelai sijui Mount nani, na sawa nakubali, tani 252 si mchezo, lakini jamani kuna injini zilizokuwa zikihangaika yadini usiku na mchana na hakuna anayezitaja. Nasemea injini za shanti. Vuta behewa mbili hapa, sukuma tano kule, panga treni mpaka ikae sawa, halafu Garratt linakuja linafungwa mbele linaondoka na sifa zote.

Mimi ugonjwa wangu ni shanta za klasi 13. Kiwanda cha North British cha Glasgow kiliunda 18, mwaka 1952 na 1953, kwa ajili ya reli yetu ya Afrika Mashariki. Magurudumu manne madogo mbele, manane ya kazi katikati, manne tena nyuma, na tenda (lile behewa la maji na mafuta linalofungwa nyuma ya injini) haina, maji inabeba yenyewe kwenye matangi ya ubavuni. Na ndivyo inavyotakiwa, maana shanta anaenda anarudi siku nzima, ukimfungia tenda refu nyuma ataona nini? Wamarekani waliobaki na tenda kwenye shanta zao waliikata kwa nyuma ikawa mteremko, dereva apate kuchungulia.

Sasa ukitaka kuijua injini ya aina hii usianze na picha za stesheni, huko ishakuwa masizi matupu na watu wamejipanga mbele yake kama wako harusini. Tafuta picha ya kiwandani, ile iliyopigwa kabla haijatoka. Wale jamaa walikuwa na ujanja wao, injini inapakwa kwanza kijivu kisichong'aa, tena mara nyingine upande wa kamera tu (nilicheka sana nilipojua), kwa sababu nyeusi ya kung'aa inameza kila kitu kwenye picha. Vyuma vya kuunganisha magurudumu vinashushwa chini kabisa spoki zionekane. Halafu kwenye negativu, na enzi hizo ilikuwa kioo kikubwa, wanafuta ukuta na takataka zote za nyuma, inabaki injini peke yake kama inaelea. Ribiti unazihesabu moja moja. Unaona bomba la mchanga linavyoshukia gurudumu, unaona na ngazi.

Marehemu babu alikuwa mfungaji wa mabehewa, akitusimulia jinsi alivyokuwa anadandia kipago huku injini inatembea, mkono mmoja taa mkono mmoja chuma, sisi tukidhani anatia chumvi. Juzi nimezoom picha moja ya kiwandani kwenye simu nikakiona kipago chenyewe, upana wake hata kiatu changu hakitoshi.

Basi siku moja tutoleeni shanta, ukurasa mzima, ya ubavuni. Na tafadhali msikate magurudumu kama mlivyofanya mwezi uliopita.

Msomaji wenu,
Mombasa