Undugu hauhamishi jina kwenye hati ya gari

Mhariri,

Kabla sijafika Marekani nilidhani nchi nzima ina sheria moja ya magari. Kumbe kila jimbo na lake, na mimi somo hilo nimelilipia.

Nilipokuwa Columbus, Ohio, nilinunua Corolla kuukuu kwa ndugu yetu mmoja tuliyejuana msibani. Pesa nikampa mkononi, naye akanipa hati ya umiliki, ile huku sote twaiita taito. "Dada, imeshasainiwa, kazi kwako." Kufika dirishani kwenye ofisi ya hati za magari, mama mhudumu akaigeuza nyuma, akanirudishia. Muuzaji aliyeandikwa si ndugu yetu, ni mzee aliyemuuzia yeye. Ndugu yetu mwenyewe, kwa kukwepa kodi, hakuwahi kuliandikisha gari kwa jina lake. Tena saini haikushuhudiwa na notari, yaani afisa wa kuthibitisha saini, na Ohio haiipokei bila hivyo. Na pale pa kuandika maili gari lilizotembea, mtu alikuwa amepaka wino mweupe! Mzee keshahamia Texas. Wiki tatu nikadandia basi saa kumi na moja alfajiri, gari langu liko uani nalitazama.

Baadaye nikahamia Pittsburgh. Ni mwendo wa saa tatu tu, lakini Pennsylvania ikanipa siku 20 nisajili upya. Namba za Ohio nikazifungua, mbele na nyuma, maana kabla ya Julai 2020 Ohio ilitaka zote mbili. Huku wanataka ya nyuma peke yake. Kisha ukaja ukaguzi wa kila mwaka, ambao Columbus sikuwahi kuusikia. Fundi akaingia chini ya gari, akachomeka bisibisi, ncha ikatokea ndani karibu na kiti changu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imelila bati lote. Miaka miwili nimepakia watoto humo, hakuna aliyeniuliza. Ukaguzi unakula pesa, siupendi, ila baada ya bisibisi ile nimenyamaza.

Nawaandikia kwa sababu nyumbani nako twauziana vivyo hivyo, "saini tu, mengine tutayamaliza", na kadi ya gari inabaki na jina la muuzaji yule yule. Mdogo wangu aliuza Noah yake mwaka juzi bila kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kuhamisha umiliki. Juzi kanipigia: namba ile ina faini ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, ya pale Mkata, kwa jina lake, na siku hiyo yeye alikuwa kalala na malaria Tanga. Mnunuzi hapokei simu.

Msomaji wenu wa Tanga,
sasa Pittsburgh, Marekani