Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Yaliyotokea Desemba 9

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia, tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Arusha na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kutusikiliza. Mwaka huu hatukutaka kukariri wafalme na vita. Tulichukua siku moja ya kalenda, Desemba 9, tukaifuatilia katika miaka mbalimbali tuone imebeba nini.

Jibu la kwanza kila aliyeketi hapa analo: mwaka 1961 Tanganyika ilipata Uhuru. Ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba siku yenyewe ilibadilishwa. Mkutano wa katiba wa Machi 1961, Dar es Salaam, ulikubaliana Uhuru uwe Desemba 28. Baadaye ndipo ikaletwa karibu hadi Desemba 9. Usiku wa kuamkia siku hiyo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kilele hicho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao. Sasa kinaitwa Uhuru. Habari ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro Mwalimu Nyerere alikwisha kuisema mwaka 1959 mbele ya Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 9, 1962, nchi ikawa Jamhuri na yeye akawa Rais wa kwanza.

Hilo la Jamhuri halikuwa sadfa, siku ilichaguliwa makusudi. Tunalitaja kwa sababu klabuni tulibishana mno: matukio yakiangukia tarehe moja, kuna maana gani? Wapo waliotaka kuona siri kubwa. Msimamo wa wengi ni kwamba hakuna siri yoyote, ila tarehe inakusukuma kuchungulia usikokusudia kuchungulia.

Ndivyo tulivyofika Paris, Desemba 9, 1948. Siku hiyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Aliyeupigania kwa miaka ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, ambaye ndugu zake wengi waliuawa na Wanazi. Mkataba ukapita, lakini kwa karibu miaka 50 hakuna mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ya kwanza kufanya hivyo ilikaa hapa hapa Arusha, katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC). Septemba 2, 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Hukumu hiyo ilitamka pia kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Jengo hilo sisi tunalipita kila tukienda mjini, na wapo kati yetu waliodhani ni la mikutano na sherehe tu.

Desemba 9, 1979, wataalamu walitia saini mjini Geneva hati ya kuthibitisha kwamba ndui imetokomezwa duniani. Hapa tulimpenda sana Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano! Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anawahimiza wazazi wa Somalia wawapeleke watoto wao kupata chanjo ya polio.

Yapo mengine. Mwaka 1968 Douglas Engelbart alionyesha kipanya cha kompyuta mbele ya hadhira huko San Francisco. Mwaka 2003 nchi zilianza kutia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa, mjini Mérida, Mexico, ndiyo maana Desemba 9 ni siku ya kupambana na rushwa duniani. Kwetu siku hiyo humezwa na gwaride.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hii tumeifanya kwa kompyuta moja na vitabu vya kuazimana. Tunaomba utusaidie usafiri wa kwenda Lakilaki, zinakotunzwa kumbukumbu za mahakama ile, pamoja na kinasa sauti. Hicho cha pili ndicho cha haraka zaidi, kwa kuwa tunataka kuwarekodi wazee wa Meru na Arusha waliokuwa vijana mwaka 1961, nao wanazidi kutuacha. Na kama nyumbani kwako yupo mzee anayeukumbuka usiku ule, tunaomba ruhusa ya kuja kumsalimu tukiwa na madaftari yetu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Historia