Barua ya wazi: Majestic haikuwa ghala, Mheshimiwa

Mheshimiwa mwenye dhamana ya majengo yetu ya kale,

Assalaamu alaikum. Natumai u mzima, na gari lako halikukwama kwenye maji ya masika kama tulivyokwama sie.

Nimenyamaza mengi. Lakini Jumatatu, nikipita Vuga, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, nimemkuta papasi, hawa vijana wanaotembeza watalii, kawasimamisha wageni mbele ya sinema yetu ya zamani, Majestic, anawaambia hilo lilikuwa ghala la karafuu. Ghala! Nikamuuliza kalitoa wapi. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, hapajaandikwa kitu, sasa niseme nini?" Nikakosa la kumwambia.

Basi nikukumbushe, huenda faili limelowa. Mwaka 1921 mfanyabiashara Jariwalla alijenga hapo sinema ya Royal, kwa mchoro wa Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Mahkama Kuu. Miaka ya hamsini ikaungua, ikajengwa upya, na 1955 ikafunguliwa kwa jina la Majestic. Baada ya Mapinduzi ikataifishwa.

Enzi za utoto wangu, Jumapili mama alipika mapema, akavaa buibui lililofukizwa udi, tukateremka kwa miguu. Tikiti zimekwisha? Walanguzi wapo pembeni, na baba atanunua kwao huku akiapa hatonunua tena. Picha ya Kihindi, hatujui hata neno, na ukumbi mzima kwikwi. Mke wangu nilimwona kwanza pale, wakati wa mapumziko, akigombania njugu.

Wewe nawe ulisimama kwenye lango lile, miwani ya jua usoni, ukatwambia "mchakato unaendelea". Mchakato huo sasa rika moja na mjukuu wangu, na mwenzake keshaanza skuli. Nadhani, nasema nadhani, sinema hailipi kama hoteli. Sinema ya Empire imeshakuwa duka. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, tuliisemea weee, mpaka Desemba 25, 2020 ikaporomoka upande, ikajisemea yenyewe.

Wapo wanaohangaika kuifufua Majestic, Mungu awape nguvu. Mimi zamani nilikuwa nikikuomba paa. Kisha nikaomba mlango tu ufunguliwe. Leo naomba kibao. Kibao cha mbao, kiandikwe 1921, kiandikwe 1955, kiandikwe sinema. Kama tatizo ni fedha, mbao ninayo na rangi ninayo. Nipe ruhusa, Mheshimiwa. Ruhusa tu. Baada ya alasiri nipo barazani kila siku.

Wako,
Mzee wa Vuga