Barua kwa Mwanaisha

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Tangu tulipoagana kwenye simu Jumapili sijatulia. Uliposema Swaleh ametimiza miezi 22, ukimwita hageuki, na akitaka maji anakushika mkono na kuupeleka kwenye jagi, moyo ulinilipuka. Ulikuwa ukinisimulia Khalid wangu.

Khalid alikuwa hanyoshi kidole. Mtoto wa umri ule akiona paka huonyesha, kisha humtazama mamake, ili na yeye aone. Khalid alikaa barazani na vizibo vyake vya soda, akivipanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi, na ukisogeza kimoja alilia mpaka sauti ikakauka. Alikuwa na maneno mawili, "baba" na "taa", yote yakapotea. Nilipouliza kliniki niliambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, ningoje. Nikangoja. Neno usonji, yaani autism, hali ya ukuaji inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na watu, nililisikia akiwa na miaka 4 na nusu.

Wewe usingoje. Sisemi Swaleh ana usonji, mimi si daktari. Nasema apimwe. Anza na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Kisha muone daktari wa watoto hospitali ya kaunti. Kuna maswali 20 ambayo mzazi hujibu ndiyo au la, ya watoto wa miezi 16 hadi 30: hunyosha kidole? Hukuletea kitu ili ukione tu? Hayatoi jibu la mwisho, ila yanaonyesha nani aangaliwe zaidi. Na kile kijitabu cha kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji wa mtoto. Changu kilijaa uzito na chanjo, ukurasa ule haukuguswa na kalamu. Ufungue mbele ya nesi, umwonyeshe: hili hafanyi, na hili hafanyi.

Halafu ile chanjo ya surua ya miezi 18 uliyoiacha kwa sababu ya ujumbe wa simu unaosema inaleta usonji. Tafadhali, mpeleke. Uvumi ule ulitoka kwenye makala moja ya Uingereza ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, na mwandishi wake akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Denmark wamefuatilia watoto zaidi ya laki 6 na hawakuona uhusiano wowote. Lakini surua inaua, hilo tunalijua.

Mavyaa wako akisema umemdekeza, au ni jicho la watu, usibishane naye. Dua isomwe, hata mimi nasoma. Kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa, halimzuii mtoto kwenda hospitali. Mimi niliambiwa Khalid yuko hivyo kwa kuwa sikumchekesha alipokuwa mchanga, na neno hilo nililala nalo miaka. Usonji hauletwi na malezi, Mwanaisha. Lishike hilo siku watakapokufanya ulie.

Ulizia pia kituo cha EARC huko Kilifi, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo ni vya serikali, upande wa elimu, vilianza mwaka 1984. Hupima watoto na kuwaelekeza kwenye shule itakayowafaa. Foleni za therapi ni ndefu na nauli inauma, kwa hivyo usikae bure ukisubiri miadi. Anza leo jioni. Kaa mkekani, uso kwa uso naye, umcheze mchezo wake yeye. Anachokipenda kitie kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ukaze kifuniko, umpe. Usimsemeshe sana. Hesabu moyoni mpaka kumi. Akikutazama au akikupa chupa, sema "fungua", na ufungue papo hapo.

Baadaye mtaalamu wa matamshi alinifundisha kadi za picha. Nilipiga picha gilasi, choo na mahamri, nikazibandika kwenye vipande vya katoni. Miezi mitatu hakuzitazama. Asubuhi moja nipo jikoni nakaanga, nikahisi leso inavutwa. Khalid amesimama, ana kadi ya mahamri mkononi imelowa mate, ananipa mimi. Amekuja kuniomba! Nililipuliza moja nikampa, nikakaa chini pale pale nikalia, na yaliyobaki karaini yakaungua yote. Alikuwa na miaka 5. Nawaza angekuja kunivuta leso ile akiwa na miaka 2.

Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu: ukimwita, akila, akicheza peke yake. Mbele ya daktari watoto hubadilika, na dakika kumi hazitoshi kumjua. Nikipata mtu wa kukaa na Khalid, nitapanda matatu ya alfajiri nije Kilifi twende pamoja. Wewe niambie siku tu.

Nipigie usiku akishalala.

Wako,
Zuhura