Majaribio ya vijana yapime na maamuzi, si mbio tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kidogo kuhusu majaribio ya soka wanayofanyiwa vijana wetu hapa Mwanza, hasa nyakati za likizo ambapo vituo vinapishana kutafuta vipaji.

Mwezi uliopita niliwapeleka vijana wangu kwenye majaribio ya kituo kimoja, uwanja wa changarawe upande wa Igoma. Kazi ilikuwa mbio za mita 30, kuzunguka koni kwa zigizagi, danadana, basi. Kocha alisimama mwisho wa mstari na simu mkononi, anabonyeza kupima muda, msaidizi wake anaandika. Mechi haikuchezwa hata ya dakika tano. Majina yaliposomwa, waliopita karibu wote ni wale walioanza kuota ndevu.

Kati ya walioachwa yumo kiungo wangu mmoja anayetokea Igombe, mtoto wa mvuvi wa dagaa. Umbo dogo, jezi inamfika magotini. Huyu mtoto kabla pasi haijamfikia anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, kisha anaupokea mpira kwa mguu wa mbali na adui. Beki akifika, mpira umeshaondoka. Kwenye koni alikuwa wa kawaida tu, na sikushangaa, maana koni haikabi mtu.

Wepesi wa mchezaji ni kubadili mwendo au upande kwa sababu ya kitu alichokiona. Hivyo ndivyo Sheppard na Young wa Australia walivyoueleza mwaka 2006. Mtoto anayezunguka koni anajua njia yote kabla filimbi haijalia, hana cha kuamua. Mwaka huohuo Sheppard na wenzake waliwapima wachezaji wa mpira wa Australia, ule unaoruhusu mikono. Mbio za moja kwa moja na kugeuka kwa njia iliyopangwa hazikuwatofautisha wa daraja la juu na wa daraja la chini. Kilichowatofautisha ni jaribio ambalo mchezaji alilazimika kumtazama mtu aliye mbele yake ndipo ajue aende upande gani.

Sisemi koni zitupwe. Hata lile jaribio la Illinois, la kukimbia ukizunguka koni kwenye eneo la mita 10 kwa 5, lina faida ukimpima mtoto yuleyule leo na baada ya miezi mitatu, kwenye uwanja uleule. Muda wa nyasi bandia za Nyamagana usiulinganishe na wa changarawe ya Igoma. Na hiyo simu nayo! Kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde tangu jicho lione. Watoto wawili wanaweza kupishana kwa kiasi hichohicho, halafu mmoja anaambiwa arudi nyumbani.

Kupima maamuzi hakuhitaji mashine. Weka mageti mawili ya koni, moja kushoto na jingine kulia. Mtoto aje mbio kukuelekea, nawe uchomoke upande mmoja bila kusema neno, mara nyingine umdanganye kwa bega kwanza. Utaona nani anasoma mwili na nani anakisia. Baada ya hapo wachezeshe wanne kwa wanne, uwanja mdogo, dakika tano tano, ukiwachanganya timu kila mara ili asiwepo wa kubebwa na rafiki zake. Mtu mmoja akae pembeni na daftari, aandike nani anaangalia pembeni kabla ya kupokea, nani anapoteza mpira, nani anapiga pasi ya mbele. Geir Jordet wa Norway amewachunguza wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa picha za video, na wale waliogeuza shingo kutazama mara nyingi kabla ya kupokea walifikisha pasi nyingi zaidi.

Na tarehe za kuzaliwa ziandikwe. Wa Januari na wa Desemba wanapangwa kundi moja, na katika umri ule miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa.

Ombi langu ni kwa chama cha soka cha mkoa na kwa wanaochagua timu za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hapa Ilemela: tengeni nusu saa ya wanne kwa wanne kabla ya kumkata mtoto yeyote. Kazi ya daftari niko tayari kuifanya mwenyewe. Posho sitaki, nauli ya daladala inatosha.

Mwalimu wa michezo, shule ya msingi,
Ilemela, Mwanza